Ngata ya Chupa ya Rangi

Chungu cha asili hakisimami chenyewe. Kiweke kwenye sakafu ya saruji uone: kitayumba, kitalala ubavu, na kilichomo kitamwagika. Chini kimeviringana kama boga. Waliokifinyanga hawakukosea. Kitako cha mviringo kinapokea moto sawasawa pande zote, na hakina kona ambako udongo ungeanza kupasuka. Kinakaa vizuri juu ya mafiga, na ndiyo maana wahenga wakasema figa moja haliinjiki chungu. Sisi tunaisoma methali hiyo kama somo la umoja, na ni sawa. Ila kabla ya kuwa somo ilikuwa maelezo ya kazi: chombo hiki kinahitaji kitu kingine cha kukishikilia, na bila hicho hakuna ugali.

Jikoni walikuwa na mafiga. Kichwani, na kwenye kona ya nyumba ulipokaa mtungi wa maji, walikuwa na ngata. Wengine huiita kata. Ni pete nene ya majani makavu ya mgomba, au nyasi zilizosokotwa, au siku hizi kanga kuukuu iliyoviringwa haraka haraka bombani. Inafanya kazi mbili kwa mpigo: inalinda utosi wa mbebaji, na inakipa chombo cha mviringo kitako ambacho hakikuzaliwa nacho. Ikichakaa unaitupa shambani na kusokota nyingine. Gharama yake ni dakika tano.

Nimeanza mbali, lakini ninakoelekea ni karibu: kwenye chupa ya rangi ya kucha, na kidude kidogo cha kuishikilia isianguke, ambacho siku hizi kinauzwa hapa na pale duniani kwa sifa ya kuwa rafiki wa mazingira. Cha mianzi, cha kizibo, cha karatasi iliyosindikwa upya. Kinatangazwa kama ugunduzi. Mimi naona ni ngata iliyosahaulika jina.

Tuiangalie chupa yenyewe kwanza. Rangi ya kucha ya maji maji si kitu cha kale. Kampuni ya Northam Warren ya Marekani ilitoa ya kwake mwaka 1917 kwa jina la Cutex, na jina hilo likatapakaa mpaka Afrika Mashariki, hata leo wapo wanaoiita rangi yoyote ya kucha "Cutex" bila kujali nani kaitengeneza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza viwanda vya magari vikaanza kutumia rangi za nitroselulosi zinazokauka upesi na kung'aa, na ufundi huo ukahamia kwenye kucha. Mwaka 1932 ndugu wawili, Charles na Joseph Revson, pamoja na mkemia Charles Lachman, walianzisha Revlon kwa bidhaa moja tu, rangi ya kucha. Kwa hiyo ndani ya kile kichupa mna binamu wa rangi ya gari, iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kinachoruka hewani haraka. Ukiacha kifuniko wazi, inaganda. Ukiimwaga, huizoi. Imeshakauka kabla hujapata kitambaa.

Na umbo lake nalo ni tatizo. Kitako ni chembamba, shingo ndefu, kifuniko kirefu chenye brashi. Kitu huanguka pale uzito wake unapotoka nje ya kitako chake, na kitako hiki hakizidi upana wa vidole viwili. Mtu akiwa mezani nyumbani kwake si neno. Sasa mhamishie mtu huyo Chamazi.

Kutoka Mbagala Rangi Tatu (jina linaloafikiana na mada yetu bila mtu kulipanga) unashika barabara ya kwenda Mbande, na Chamazi iko njiani. Wengi wanaijua kwa uwanja wa mpira wa Azam. Si zamani sana huku kulikuwa na minazi, mikorosho na mashamba ya Wazaramo; leo ni nyumba za tofali, fremu za maduka, na vichochoro vyenye mchanga unaomeza kandambili. Kwenye vichochoro hivyo hupita vijana wapaka rangi. Utawasikia kabla ya kuwaona, maana wanagonganisha chupa zao, ti-ti-ti, na akina dada wanajua nani amefika. Mmoja kabeba trei ya mbao yenye mpini, mwingine dumu lililokatwa juu, mwingine kikapu. Ndani chupa zimebanana, na huko kubanana ndiko kunakozifanya zisianguke. Kila chupa ni ngata ya mwenzake.

Kazi inapoanza ule mshikamano unavunjika. Dada kakaa kwenye kigoda, kijana kachuchumaa. Mkono wa kushoto unashika vidole vya mteja, wa kulia umeshika brashi. Chupa iko wapi? Iko chini, mchangani, wazi, peke yake. Mtoto akipita mbio, kuku akikatiza, mteja akivuta mguu kupokea simu, basi. Kwa aliye na chupa arobaini nyumbani ni madoa tu. Kwa mpaka rangi ni mtaji. Chupa moja inapaka wateja wengi, na ikimwagika asubuhi ni wateja ambao jioni hawapo kwenye hesabu. Kuna watu wanaona kazi hii ni ya utani, kijana wa kiume kupaka kucha za wake za watu. Wakae naye nusu saa waone kiasi gani cha umakini kinamwagwa kwenye kulinda kichupa kisichotimiza hata nusu ya kikombe cha kahawa.

Hina haikuwa na taabu hii. Wanawake wa pwani walijipamba kwa hina karne nyingi kabla ya Cutex, na hina ni uji mzito: iko bakulini, unaichota kwa kijiti, bakuli likiinama haiendi popote. Tena hina haizibi ukucha, kwa hiyo haisumbui udhu, na ndiyo sababu wanawake wengi wa Kiislamu bado wanaipendelea kuliko rangi ya chupa. Rangi ya viwandani ilikuja na chombo chake, na chombo kikaja na udhaifu wake. Udhaifu huo aliyeuuza hakuushughulikia. Ameachiwa anayetumia.

Hapa ndipo ninapoikumbuka ngata, na ninapojiuliza kwa nini historia yake hatuisomi.

Jibu ni rahisi na linauma: ilioza. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper aliandika kuhusu vyungu vya kale vya Kwale, pwani ya Kenya, na aina hiyo ya ufinyanzi ikachukua jina la mahali hapo. Baadaye Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachimba maeneo kama Limbo, kusini-mashariki mwa Tanzania, akaonyesha wafua chuma na wafinyanzi wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Vigae vya vyungu vimebaki. Tunaweza kuvihesabu, kuvipima, kuvipa majina. Pete ya majani iliyokishikilia chungu haikuacha hata unyuzi. Wamisri wa kale walifinyanga pete za udongo za kusimamishia mitungi yao, na kwa kuwa ni za udongo, tunazo. Aliyetumia mgomba kafutika.

Angalia basi kejeli yake. Nenda makumbusho mengi duniani, tafuta chungu cha Kiafrika chenye kitako cha mviringo. Kimesimamaje kabatini? Kwa pete, aghalabu ya plastiki angavu, ili isionekane. Mtunza makumbusho naye kalazimika kutengeneza ngata. Kaiweka na kisha kaificha.

Lakini kuna mahali ambapo ngata haikuoza, nako ni mdomoni. Waganda husema enkata. Wanyarwanda husema ingata. Wazulu, maelfu ya kilomita kusini, husema inkatha. Wanaisimu wanaofuatilia mizizi ya lugha za Kibantu wanaliweka neno hili miongoni mwa yale ya zamani kabisa ya familia nzima. Yaani watu walipotawanyika kwa vizazi na vizazi, walibeba neno la pete ya kichwani pamoja na maneno ya moto na maji. Kitu kisichofaa kisingesafiri mbali hivyo.

Wazulu waliipandisha cheo. Walikuwa na inkatha kubwa ya taifa, iliyotunzwa nyumbani kwa mfalme kama alama ya watu waliosokotwa pamoja. Waingereza waliiteketeza katika vita vya 1879. Mangosuthu Buthelezi alipofufua jumuiya ya Inkatha mwaka 1975, jina alilolichukua ni hili hili la pete ya nyasi ambayo bibi yako anaiweka kichwani akienda kisimani.

Kwetu kilichoisukuma kando ni vyombo vyenyewe. Sufuria ya alumini ina kitako bapa. Ndoo ya plastiki ina kitako bapa. Vitu vikaanza kusimama vyenyewe, na maarifa ya kuvisimamisha yakaonekana ya kishamba. Kisha plastiki ikazoeleka mno. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na mingi ya ile "mifuko mbadala" iliyokuja, ukiisugua kidoleni, nayo ni nyuzi za plastiki. Mvua ikinyesha, mitaro inaeleza ukweli wote, na kinachobebwa na mito ya Kizinga na Mzinga kinaishia baharini.

Ndiyo maana kile kikalio kidogo cha chupa nakichukulia kwa uzito. Kukiagiza kutoka nje, kimefungwa ndani ya nailoni, ni kichekesho. Chukua nusu ya kifuu, kifudikize, toboa juu tundu la upana wa chupa, pigilia msasa. Kitako kimepanuka mara tatu, na mchangani hakiyumbi. Au sokota ukili pete ya vidole viwili, ibane chupa mpaka kiunoni. Wanafunzi wa zamani wataitambua hesabu hii: madawati yao yalikuwa na tundu la kidau cha wino, kwa sababu ile ile.

Ila kikitengenezwa, naomba kisiitwe kwa jina la kigeni lenye herufi kubwa. Aliyewaza kwanza kwamba kitu kisichosimama kinapewa pete, tena pete ya kitu kitakachorudi udongoni, hakuandikwa popote. Huenda alikuwa mwanamke aliyekuwa na haraka ya kurudi na maji. Jina la alichokitengeneza bado tunalo, na Chamazi ni mahali pazuri pa kuanza kulitumia tena: ngata ya chupa.