Erika za majira ya joto: safari ya kutoka nyikani hadi bustanini

Erika ni vichaka vifupi vyenye majani membamba yasiyopukutika na maua madogo yanayosongamana kwenye ncha za matawi. Jamii hii ina spishi zaidi ya 800, na zaidi ya 600 kati ya hizo huota Afrika Kusini, hasa katika jimbo la Western Cape. Ulaya ina chache tu. Katika milima mirefu ya Afrika Mashariki, yaani Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, baadhi ya erika hufikia kimo cha miti na kufanya ukanda mzima juu ya msitu. Erika ina ndugu wawili wa karibu ambao watunza bustani wa Ulaya huwahesabu pamoja nayo. Wa kwanza ni kaluna (Calluna vulgaris), ambayo Linnaeus aliiweka kundi moja na erika mwaka 1753, kabla ya Mwingereza Richard Salisbury kuitenga mwaka 1802. Wa pili ni dabesia (Daboecia cantabrica), inayopatikana magharibi mwa Ireland, Ufaransa, Hispania na Ureno.

Kabla ya kuingia bustanini, mimea hii ilikuwa mali ya nyika. Huko Uskoti, Ireland, kaskazini mwa Uingereza na Ujerumani, kaluna hufunika maeneo mapana yenye udongo mchanga au wa kinamasi, wenye tindikali nyingi na rutuba haba. Mizizi yake hushirikiana na kuvu wanaoisaidia kupata chakula katika ardhi ambayo mimea mingine mingi haiiwezi. Wenyeji waliitumia kuezeka nyumba, kutengeneza mifagio, kujaza magodoro na kutia sufu rangi. Nyuki waliipenda, na asali yake ni nzito kiasi kwamba huganda ndani ya masega na haitiririki mpaka ikorogwe. Hata hivyo kwa karne nyingi hakuna aliyeona sababu ya kuipanda. Kitu kinachofunika kilima kizima nyuma ya nyumba hakikuonekana kuwa pambo.

Pambo lilitafutwa mbali. Mwaka 1772 bustani ya kifalme ya Kew, kwa ushauri wa Joseph Banks, ilimtuma Francis Masson kwenda Rasi ya Tumaini Jema kukusanya mimea. Masson alisafiri katika meli ya Resolution iliyoongozwa na James Cook, akashuka Cape Town mwezi Oktoba mwaka huo. Alizunguka bara akiwa na Msweden Carl Peter Thunberg, na miaka ya baadaye akarudi tena Rasi kwa safari nyingine ndefu. Masson alikuwa mzaliwa wa Aberdeen, mji wa Uskoti ulio karibu na vilima vya kaluna, lakini erika alizosifiwa nazo ni zile za Afrika. Aliziingiza Uingereza kwa makumi: zenye maua marefu kama vijibomba, nyekundu, njano, kijani na za rangi mbili katika ua moja.

Matajiri walizigombania. Henry Andrews, mchoraji wa mimea, alianza mwaka 1794 kutoa michoro ya rangi ya erika, na kazi hiyo ikafikia juzuu 4 ilipokamilika mwaka 1830. Duke wa 6 wa Bedford alikuwa na mkusanyo mkubwa huko Woburn, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1825. Huko Edinburgh, William McNab wa bustani ya kifalme ya mimea aliandika mwaka 1832 kitabu kizima cha namna ya kuzitunza erika za Rasi. Utunzaji huo haukuwa mwepesi. Mmea ulipandwa katika chungu na kuwekwa ndani ya nyumba ya vioo, kwa kuwa baridi kali ya Uingereza ingeuua. Papo hapo ulihitaji hewa nyingi, mwanga mwingi na joto kidogo. Mizizi yake ni myembamba kama nywele. Udongo ukikauka mara moja tu, mmea hauponi.

Kilichoziangusha erika za Rasi ni joto. Kodi ya vioo ilifutwa Uingereza mwaka 1845, nyumba za vioo zikawa nafuu, na mabomba ya maji ya moto yakaenea. Wenye mali wakageukia okidi na mimea ya nchi za joto inayotaka unyevu na fukuto. Erika haikuweza kuishi katika hewa hiyo, na mtunza bustani hakuweza kuendesha aina mbili za hewa chini ya paa moja. Mikusanyo ikafa mmoja baada ya mwingine. Masalia yake yalikuja kuwa na thamani ambayo hakuna aliyeitazamia. Erica verticillata, iliyotoweka porini katika nyanda za Cape Town kwa sababu ya ujenzi na uchumaji, ilikutwa hai katika bustani kadhaa, mojawapo ikiwa mkusanyo wa zamani wa Schönbrunn, Vienna. Miche iliyotokana na masalia hayo imerudishwa Cape Town na kupandwa tena katika hifadhi.

Wakati mimea ya vioo ikififia, nyika ya nyumbani ilianza kupata sifa. Malkia Victoria na mumewe walinunua Balmoral, Uskoti, mwaka 1852, na vilima vya kaluna vikawa sehemu ya fahari ya nchi. Mwaka 1855 mwana mfalme Friedrich wa Prussia alimchumia binti wa malkia kaluna nyeupe alipomposa huko huko Balmoral, na tangu hapo kaluna nyeupe, ambayo ni nadra porini, ikazidi kujulikana kama ishara ya bahati. Mwaka 1870 William Robinson alitoa kitabu kilichohimiza watu wapande mimea inayostahimili hali ya hewa ya kwao, badala ya kubadilisha matuta ya maua ya nyumba za vioo kila msimu. Gertrude Jekyll naye, katika bustani yake ya Munstead Wood yenye udongo mchanga wa Surrey, alipanda erika kama mimea halali ya bustani.

Hatua kubwa ilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kitalu cha Maxwell & Beale huko Broadstone, Dorset, kilikuwa jirani na nyika, na wenyewe pamoja na wafanyakazi wao walizoea kuzipita wakitafuta kichaka kimoja kilichotofautiana na wenzake. Mwaka 1927 Maxwell alitoa kitabu juu ya erika zinazostahimili baridi. Aina nyingi zilizopata umaarufu enzi hiyo zina asili ya namna hiyo. 'Mrs D. F. Maxwell', yenye maua ya waridi iliyokolea, na 'Lyonesse' nyeupe ni za spishi ya Erica vagans kutoka Cornwall. Huko huko Cornwall, P. D. Williams wa Lanarth aliipata 'St Keverne'. 'C. D. Eason', ya spishi ya Erica cinerea, ina jina la mfanyakazi wa kitalu cha Maxwell & Beale.

Aina inayoonyesha vizuri zaidi jinsi kazi hii ilivyokwenda ni 'H. E. Beale'. Ni kaluna iliyookotwa katika nyika ya New Forest na kuingizwa sokoni katika miaka ya 1920. Shina lake la maua ni refu, na kila ua ni mrundikano wa petali za waridi hafifu. Petali hizo zimechukua nafasi ya viungo vya uzazi, hivyo ua halitoi mbegu na hudumu muda mrefu kuliko ua la kawaida. Njia ya kuizidisha ni moja: kukata vichipukizi vichanga na kuviotesha katika mchanga wenye mboji. Hivyo kila 'H. E. Beale' iliyopo duniani ni kipande cha kichaka kilekile cha New Forest. Na mara chache tawi moja hubadilika lenyewe. Tawi la 'H. E. Beale' lilizaa 'Peter Sparkes' yenye rangi iliyokolea zaidi, na tawi la 'Peter Sparkes' likazaa 'Annemarie' huko Ujerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, majani yalianza kuchaguliwa sawa na maua. J. W. Sparkes, mwenye kitalu huko Beoley, Worcestershire, alitoa kaluna za majani ya dhahabu. Mojawapo ni 'Robert Chapman', ambayo majani yake hugeuka rangi ya chungwa na kisha nyekundu baridi inapozidi. Mwaka 1963 kiliundwa chama cha wapenzi wa erika Uingereza, ambacho baadaye kilipewa jukumu la kusajili majina ya aina zake kwa dunia nzima. Katika miaka ya 1960 na 1970 Adrian Bloom wa Bressingham, Norfolk, alieneza mtindo wa kupanda erika pamoja na misonobari midogo. Ulipendwa kwa kuwa ulitaka kazi ndogo. Lakini misonobari ilikua kupita kiasi, erika zisizopogolewa zikabaki vijiti vitupu katikati, na mitindo mipya ikachukua nafasi.

Ujerumani na Uholanzi zilishika njia nyingine. Huko zilikuzwa kaluna ambazo vitumba vyake havifunguki kamwe. Kwa kuwa havifunguki, havichavushwi wala havinyauki, na rangi hukaa tangu Agosti hadi baridi inapokaza. Kurt Kramer wa Edewecht alizalisha aina nyingi za kundi hili, na zimekuwa bidhaa kubwa ya vyungu kila majira ya kupukutika kwa majani.

Kutokana na historia hiyo, uchaguzi wa erika za majira ya joto huko Ulaya umefikia utaratibu unaoeleweka. Jambo la kwanza ni udongo. Kaluna, dabesia na Erica cinerea hazivumilii chokaa. Majani hugeuka manjano na mmea hudhoofu. Erica tetralix hupenda mahali penye maji, wakati Erica cinerea hutaka pakavu zaidi. Erica vagans ina uvumilivu kidogo kwa udongo usio na tindikali nyingi, kwa kuwa rasi ya Lizard inakoota ina miamba yenye magnesi. Jambo la pili ni miezi. Erica cinerea na dabesia huanza kuchanua Juni, Erica vagans na kaluna nyingi hufuata Julai na Agosti, na kaluna za mwisho hufika Novemba. Rangi ya ua na ya jani huja ya tatu. Utunzaji hauna mengi: kupogoa kila mwaka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kwa kukata chini ya maua makavu bila kufikia mti mkavu usio na majani, maana hapo haichipui tena.

Kati ya erika zilizopendwa kwa miaka 250, zile zilizotaka vioo na mtumishi wa kudumu zilitoweka bustanini mara mtindo ulipogeuka. Zilizookotwa katika nyika yenye udongo na hali ya hewa ileile ya bustani bado zinauzwa vitaluni, 'H. E. Beale' ikiwa mojawapo. Anayechagua leo hana haja ya kuanza na picha ya ua. Aanze kwa kupima udongo wake, kisha atafute spishi iliyozaliwa katika udongo wa namna hiyo.