Aliyegeuza Sahani: Safari ya Jim Reeves hadi Ngoingwa

Jumapili alasiri, ukishuka matatu Ngoingwa ukitokea mjini Thika, hukosi kusikia gita mahali. Kijana mmoja, kiti kirefu, spika mbili. Watu wa huku humwita wan man gita, yaani bendi nzima ndani ya mtu mmoja. Huanza na mugithi, muziki wa dansi wa Kikuyu, akapitia nyimbo za Joseph Kamaru, akachomeka na wimbo wa kanisani. Wazee waliokaa karibu na jiko la nyama wanasubiri zamu yao. Kisha mmoja huinua mkono.

"Kijana, hebu tupigie ile ya Jim."

"Sawa, guka."

Hapo kijana hupunguza spika, akasogeza mdomo hadi karibu uguse maikrofoni, na kuteremsha sauti hadi chini kabisa. Meza zinanyamaza. Wimbo ni He'll Have to Go wa Jim Reeves, uliorekodiwa Oktoba 1959 kule Nashville, Marekani, wakati ambapo wazazi wa kijana huyu hawajazaliwa.

Jinsi wimbo huo ulivyofika kwenye mashamba ya kahawa na mananasi ya Thika ni habari inayostahili kusimuliwa, kwa sababu ulikaribia kabisa kutofika.

Anayekumbuka santuri ndogo za zamani anajua kwamba kila sahani ilikuwa na nyuso mbili. Upande wa kwanza uliwekwa wimbo ambao kampuni iliutegemea uuze. Upande wa pili uliwekwa wa kujazia nafasi. Kampuni ya RCA Victor ilipotoa sahani hii ya Reeves mwishoni mwa 1959, wimbo uliopewa heshima ya upande wa kwanza uliitwa In a Mellow Mood. Leo ni wachache wanaoukumbuka. Watangazaji wa redio ndio waliogeuza sahani, wakajaribu upande wa pili, na wasikilizaji wakaanza kuuitisha huo.

Kisa cha wimbo chenyewe ni cha nyumbani kabisa. Watunzi wake walikuwa mume na mke, Joe na Audrey Allison. Audrey alikuwa na sauti ndogo, na akipiga simu mumewe alilazimika kumwomba asogeze mdomo karibu na chombo ndipo amsikie. Ombi hilo wakalifanya wimbo: mwanamume yuko baa, anampigia simu mpenzi wake, anahisi kuna mwanamume mwingine pale alipo mpenzi huyo, na anamtaka achague. Hapigi kelele wala hatukani. Ombi lake ni kwamba mwanamke asogee karibu na simu, na wenye muziki pale baa wapunguze sauti. Miaka ya sitini simu ya nyumbani ilikuwa ya watu wachache sana huku kwetu, lakini nani asiyeijua baa, na nani asiyejua kuongea polepole ili majirani wasisikie aibu yako?

Reeves alizaliwa Texas mwaka 1923. Alicheza besiboli, kisha akawa mtangazaji wa redio katika mji wa Shreveport, Louisiana, kabla hajajulikana kwa uimbaji. Nyimbo zake za mwanzo, kama Mexican Joe wa 1953, zilikuwa za kupaza sauti, za mtu anayetaka kusikika hadi ng'ambo ya mto. Mabadiliko yalikuja 1957 na wimbo Four Walls. Prodyusa wake alikuwa Chet Atkins, naye Reeves akaimba midomo ikiwa karibu na maikrofoni, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mmoja tu. Wimbo huo ulishika namba 1 upande wa kantri, ukavuka hadi namba 11 kwenye chati ya pop.

Kuvuka huko kulikuwa na sababu zake. Vijana wa Marekani walikuwa wamehamia kwa Elvis Presley na rokenroli, na mauzo ya kantri yalitikisika. Atkins, pamoja na mwenzake Owen Bradley wa kampuni ya Decca, wakaamua kupunguza fidla na lile gita la kuteleza linalolia kama mtoto, wakaweka piano, nyuzi laini na waimbaji wa kuitikia kwa nyuma. Walikosolewa kwamba wanaua kantri. Mimi nadhani waliifungulia mlango. Wimbo wa shamba wa Texas, ukivuliwa koti lake zito, uliweza kuingia katika nyumba ya mtu yeyote.

He'll Have to Go ulipita mlango huo. Mwaka 1960 ulikaa namba 1 ya kantri kwa wiki 14 na kufika namba 2 ya pop. Kwa namba hizo, sahani ikatoka Marekani. Hapa ndipo historia yetu inapogusana na yao: wimbo uliobaki kwenye redio za kantri peke yake ulikuwa na nafasi ndogo mno ya kupakiwa melini na kuletwa Afrika Mashariki. Nyimbo zilizotufikia zaidi ni zile zilizokwisha kuvuka ukuta wa kwanza kule kwao. Skeeter Davis na The End of the World, uliofika namba 2 kwa kantri na namba 2 kwa pop mwaka 1963, ulikuja kwa njia hiyo. Kenny Rogers naye alikuja kwa njia hiyo na Lucille wa 1977, kisha The Gambler wa 1978. Don Williams ndiye anayeikataa kanuni yangu. Kule kwao hakuvuka kwa kishindo, wimbo wake mkubwa wa pop, I Believe in You, uliishia namba 24, na bado Afrika ilimpenda hadi akaja kuimba Harare mwaka 1997.

Huku, aliyepokea sahani hizo alikuwa mtangazaji. Mwaka 1964 redio ya taifa ilipewa jina la Sauti ya Kenya, na ni 1989 ilipokuwa KBC. Redio ya betri ilikaa juu ya kabati, kitambaa kimefumwa chini yake, na baba pekee ndiye aliyeruhusiwa kugusa kitufe. Baadaye kipindi cha jioni cha Sundowner, kwenye idhaa ya Kiingereza ya KBC, kiliendelea kuzipiga nyimbo hizo, na watoto wakazijua kabla hawajajua maana ya maneno.

Reeves mwenyewe hakuiona sehemu kubwa ya safari hiyo. Tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha iliingia kwenye dhoruba karibu na Nashville ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 40. Mjane wake, Mary, aliendelea kutoa nyimbo alizoziacha, na Distant Drums ulishika namba 1 Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya mazishi. Ndiyo maana wapo wazee waliompenda kwa miaka mingi bila kujua kwamba wanamsikiliza marehemu.

Sasa nirudi nyumbani, maana hili ndilo linaloniuma. Kutoka Ngoingwa hadi Gatanga si mbali. Gatanga ndiko alikotoka Daniel Kamau, DK, aliyeanza kurekodi mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa bado kijana wa shule. Ndiko alikotoka John De'Mathew, aliyefariki katika ajali ya barabarani hapa Thika, karibu na hoteli ya Blue Post, Agosti 18, 2019. Kamaru wa Kangema, aliyefariki Oktoba 2018, aliacha nyimbo nyingi mno, na mjukuu wake, anayejulikana kwa jina la KMRU, amekuwa akizitoa upya kwa wasikilizaji wa dunia. Hawa waliimba habari za mapenzi, simanzi na fedheha ya baa kwa ustadi usiopungua wa Nashville. Lakini ukifungua redio za Nairobi zinazotangaza kwa Kiingereza au Kiswahili, Jumapili utampata Jim Reeves mapema kuliko utakavyompata DK. Wimbo wa Kikuyu huachiwa redio za Kikuyu, kama vile wa kantri ulivyoachiwa redio za kantri kabla ya 1957.

Lugha si ukuta. Mzee anayefumba macho kwa He'll Have to Go pale Ngoingwa, wapo wenzake wengi wasiojua nusu ya maneno yake, na wanalia nao. Mluo au Mdigo naye anaweza kufumba macho kwa De'Mathew.

Basi ninawaomba ninyi mnaokaa mbele ya maikrofoni, wa Nairobi na wa Mombasa: Jumapili hii, mkimaliza Jim Reeves, msiongeze Kenny Rogers. Geuzeni sahani. Pigeni wimbo mmoja wa Gatanga, mtaje jina la mwimbaji na kijiji chake, mueleze kwa Kiswahili wimbo unasema nini, kisha msubiri simu za wasikilizaji.