Kutoka Sarafu hadi “Bure”: Historia ya Tashtiti Dhidi ya Miamala Midogo katika Michezo ya Video

1.0 Utangulizi

Neno bure lina maana mbili katika Kiswahili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Lakini mtu aliyejisumbua bure ni yule ambaye juhudi zake hazikuzaa kitu. Maana hizi hukaa pamoja bila kugombana, mpaka msemaji anapokutana na bidhaa inayotangazwa kuwa haina bei, kumbe baada ya siku chache imekwisha kumtoa fedha na muda. Michezo mingi ya video ya simu ni bidhaa ya namna hiyo. Hupakuliwa bila malipo, kisha mchezaji huuziwa ndani yake maisha ya ziada, silaha, mavazi ya wahusika au ruhusa ya kutosubiri. Mauzo hayo ndiyo tunayoyaita hapa miamala midogo.

Makala haya yanafuatilia historia ya michezo iliyotungwa makusudi kuikejeli biashara hiyo. Hoja kuu ni kwamba tashtiti, yaani sanaa ya kuanika kasoro kwa kuitia chumvi mpaka ichekeshe, iliifichua maana iliyojificha katika neno “bure” miaka kadhaa kabla ya mamlaka za Ulaya na Marekani kuchukua hatua. Aidha, makala yanaonyesha kuwa kicheko peke yake hakikumlinda mchezaji, na kwamba jambo hilo lina funzo kwa watunga sera na waunda istilahi wa ukanda wetu.

2.0 Enzi ya sarafu

Biashara ya kumtoza mchezaji kidogo kidogo haikuanzia kwenye simu. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo wa kufyatua risasi uliowekwa katika mashine za kumbi za burudani. Mchezaji alilenga safu za viumbe waliokuwa wakishuka kumwelekea, na kadiri walivyopungua ndivyo waliobaki walivyokwenda kasi. Mchezo huo haukuwa na mwisho wa ushindi. Uliendelea tu hadi mchezaji aliposhindwa, naye akitaka kurudi alitumbukiza sarafu nyingine. Hata hivyo, mapatano hayo yalikuwa wazi. Bei ilijulikana kabla ya kuanza, na ustadi wa mchezaji uliirefusha sarafu yake.

Mapatano hayo yalilegezwa hatua kwa hatua. Katika Gauntlet, mchezo wa Atari Games wa mwaka 1985, afya ya mhusika ilipungua kwa kupita kwa muda tu, hata kama hakuna adui aliyemgusa, na sarafu nyingine iliiongeza. Mwaka 1990 mchezo wa tatu katika mfululizo wa Double Dragon ulikwenda mbali zaidi: ndani yake mlikuwa na maduka ambamo mchezaji alinunua silaha, mbinu za kupigana na hata wahusika kwa sarafu halisi alizotia katika mashine. Hapo ndipo ustadi ulipoanza kushindana na mfuko.

3.0 Bei inapohama mlangoni

Mashine za nyumbani zilileta utaratibu tofauti. Mnunuzi alilipa mara moja, akapata mchezo mzima. Utaratibu huo ulitikiswa Aprili 2006, pale kampuni ya Bethesda ilipowauzia wachezaji wa The Elder Scrolls IV: Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50 za Marekani. Deraya hiyo ilikuwa hasa pambo, nao wanunuzi walikuwa wamekwisha kuulipia mchezo wenyewe. Isitoshe, kwenye mashine ya Xbox 360 bei haikutajwa kwa dola bali kwa pointi 200 za Microsoft. Tangu hapo deraya ya farasi imekuwa kama methali miongoni mwa wachezaji: hutajwa kila panapouzwa kisicho na maana kwa bei yenye maana.

Mwaka 2009 mambo mawili yaliubadilisha uchumi wa michezo. Kampuni ya Zynga ilitoa FarmVille katika mtandao wa Facebook, mchezo wa kilimo usio na kiingilio, ambao uliuza vifaa na nafuu ya kusubiri. Mwaka huohuo, mnamo Oktoba, Apple iliruhusu programu zinazopakuliwa bila malipo kuuza bidhaa ndani yake. Bei sasa ilikuwa imeondoka mlangoni, ikahamia ndani ya nyumba. Neno “bure” likabaki mlangoni peke yake.

4.0 Tashtiti inavua pazia

Julai 2010 msomi na mtunzi wa michezo Ian Bogost alitoa Cow Clicker katika Facebook. Mchezaji alipewa ng’ombe, akaruhusiwa kumbofya mara moja kila baada ya saa sita. Hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Asiyetaka kusubiri alilipa. Aliyetaka ng’ombe wa aina nyingine aliweza kumnunua, na mmojawapo alikuwa ng’ombe yule wa kawaida aliyegeuzwa kutazama upande wa pili. Bogost alikusudia kuonyesha mifupa ya michezo kama FarmVille baada ya kuondolewa nyama yote: kusubiri, kubofya, kualika marafiki na kulipa.

Mwaka 2011 Going Loud Studios ilitoa DLC Quest. Shujaa wake huanza akiwa hawezi kwenda kushoto. Mchezo hauna sauti, picha hazichezi, na hata uwezo wa kuusimamisha kwa muda haupo. Kila kimojawapo huuzwa dukani. Deraya ya farasi nayo haikusahauliwa. Lakini malipo yote hufanywa kwa sarafu zinazookotwa ndani ya mchezo, si kwa fedha halisi. Mbinu hii ya kisanaa inastahili kuzingatiwa. Kwa kuviuza vitu ambavyo kila mchezaji huvihesabu kuwa haki yake, mtunzi alilazimisha swali ambalo matangazo yalilikwepa: mchezo ni nini hasa, na sehemu ipi yake ndiyo iliyotolewa “bure”?

Kazi hizi mbili zilitofautiana katika jambo moja kubwa. DLC Quest ilimweka mchezaji nje ya mtego na kumwonyesha. Cow Clicker ilimtia ndani. Iliwapata wachezaji zaidi ya 50,000, na wengine wao waliupenda mchezo uliotungwa ili wauchukie. Bogost alipotangaza siku ya mwisho wa ng’ombe, wachezaji waliruhusiwa kulipa ili kuiahirisha, nao wakalipa. Septemba 2011 ng’ombe wote waliondolewa, yakabaki majani matupu. Hata hivyo, wapo walioendelea kubofya mahali alipokuwa ng’ombe wao. Walikuwa wakibofya bure, kwa maana ya pili ya neno hilo. Watu walioelewa kejeli hawakuokolewa na uelewa wao.

5.0 Sheria inalifikia neno

Hatudai kwamba tashtiti ndiyo iliyozaa sheria. Tunachodai ni kwamba pale sheria ilipofika, ilikuta swali limekwisha kuulizwa. Januari 2014 Apple ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wateja, kutokana na manunuzi yaliyofanywa na watoto bila idhini ya wazazi. Julai mwaka huo mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza iliamua kuwa tangazo la mchezo wa simu wa Dungeon Keeper lilipotosha kwa kuuita wa bure, kwa kuwa asiyelipa alilazimika kusubiri kupita matarajio ya mteja wa kawaida. Mwezi huohuo Tume ya Ulaya ilieleza kuwa Google ingeacha kuiita ya bure michezo yenye mauzo ya ndani. Novemba 2014 Apple ilibadilisha maandishi ya kitufe katika duka lake: palipoandikwa “Bure” pakaandikwa “Pata”.

Mabadiliko hayo ya neno moja ni tukio la historia ya lugha sawa na la historia ya biashara. Ni kweli kwamba hayakumaliza tatizo. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilikuta makasha ya bahati, ambayo mchezaji huyanunua bila kujua yaliyomo, yakivunja sheria ya kamari katika michezo kadhaa maarufu. Lakini 2014 ilithibitisha kuwa neno la tangazo laweza kuwekewa mpaka.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Afrika Mashariki imekuwa na malipo ya simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na miamala ya kiasi kidogo ni sehemu ya maisha ya kila siku. Kwa hiyo njia ya malipo ipo tayari. Kinachosubiri ni lugha ya kumlinda mlipaji. Makala haya yanapendekeza mambo matatu.

Kwanza, neno bure lisitumike peke yake kwa mchezo unaouza chochote ndani; iandikwe “kupakua ni bure, ndani kuna mauzo”. Pili, bei zitajwe kwa shilingi au faranga, si kwa vito na pointi zinazomsahaulisha mnunuzi thamani ya fedha yake. Tatu, BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zisanifishe istilahi kama miamala midogo na makasha ya bahati, ili mzazi, mwanasheria na mwalimu wazungumze jambo moja.

Watunzi wa Cow Clicker na DLC Quest walilifichua neno. Hawakuwa na mamlaka ya kulirekebisha. Mamlaka hiyo wanayo wasomaji wa makala haya na taasisi wanazozishauri.