Tiwinza na Badme: Nani Hubaki Baada ya Sahihi?

Mapema mwaka 1995 Ecuador na Peru zilipigana katika bonde la mto Cenepa, kwenye msitu wa milima ya Cóndor ambako kipande cha mpaka cha kilomita 78 kilikuwa hakijawekewa alama. Mei 1998 zamu ikawa ya Ethiopia na Eritrea, na chanzo kilikuwa Badme, kijiji ambacho wengi wetu tulikisikia redioni kwa mara ya kwanza siku hizo. Magomvi yote mawili yalizaliwa na mikataba ya zamani iliyochorwa vibaya, na yote mawili yaliingiliwa na majirani. La kwanza limekwisha. La pili lilitoa mkataba, hukumu, hata Tuzo ya Nobel, lakini wenyeji wa mpakani bado hawana mpaka waliokubaliana.

Kwa desturi yetu ya Afrika, vita vikizuka, wakubwa huwaendea wakubwa wenzao. Marekani na Rwanda zilipojaribu kuzipatanisha Ethiopia na Eritrea zikashindwa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliwatuma marais wa Burkina Faso, Zimbabwe na Djibouti, na baadaye Bouteflika wa Algeria akalibeba jukumu hilo akiwa mwenyekiti wa Umoja. Heshima ya mgeni ndiyo silaha. Inafaa pale ambapo wagombanao wanaona haya, lakini Meles Zenawi wa Ethiopia na Isaias Afwerki wa Eritrea walishafahamiana kupita kiasi: vyama vyao vilishirikiana kumng'oa Mengistu, mtawala wa Ethiopia, mwaka 1991. Mapendekezo yalikubaliwa na huyu yakakataliwa na yule, kisha wakabadilishana. Mwishowe ni mashambulizi ya Ethiopia ya Mei 2000 yaliyoharakisha kutiwa saini kwa makubaliano, baada ya makumi ya maelfu ya askari kufa.

Watanzania wanaijua desturi hii kwa upande wake mchungu. Mwaka 1972, Siad Barre wa Somalia alizipatanisha Tanzania na Uganda mjini Mogadishu, na majeshi yakatakiwa kurudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani. Miaka sita baadaye Idi Amin wa Uganda alivuka, daraja la Kyaka likavunjwa, akatangaza kuwa Kagera ni yake. Wajumbe wa OAU walipokuja kumsihi Mwalimu Nyerere apatane, aliwataka kwanza wamlaani aliyevamia. Hawakumlaani. Msuluhishi anayeogopa kusema nani amekosa humwachia aliyeonewa njia moja tu, na Aprili 1979 njia hiyo ilifika Kampala.

Amerika ya Kusini walikuwa na utaratibu wa namna nyingine: wadhamini. Itifaki ya Rio de Janeiro ya Januari 1942, kati ya Ecuador na Peru, ilizipa Argentina, Brazil, Chile na Marekani kazi isiyokwisha kwa hafla ya kutia saini. Iliandikwa waziwazi kwamba shughuli yao itaendelea hadi mpaka uwekewe alama zote. Tusiwape sifa wasizostahili. Ecuador iliitangaza itifaki hiyo kuwa batili mwaka 1960, risasi zililia tena 1981, na wadhamini hawakuzuia vita vya 1995. Lakini vilipoanza, hakuna aliyehangaika kutafuta nani aende. Februari 17, 1995, pande mbili zilitia saini tamko la Itamaraty, na muda si mrefu waangalizi wa kijeshi wa nchi hizo nne wakawa msituni, gharama zikilipwa na Ecuador na Peru zenyewe. Anayemlipa mlinzi hana haraka ya kumfukuza.

Kazi ngumu zaidi ilikuja 1998. Marais Mahuad wa Ecuador na Fujimori wa Peru walikwama, wakawaomba wadhamini waamue. Wadhamini wakakataa kutoa neno mpaka mabunge ya nchi zote mbili yakubali kwanza, kabla ya kuona uamuzi, kwamba yatafungwa nao. Mabunge yakakubali. Uamuzi ukaipa Peru mstari wa mpaka iliokuwa ikiudai milimani. Ila Tiwinza, mahali ambapo askari wa Ecuador walikuwa wamekufa wakipashikilia, Peru ilitakiwa kuikabidhi Ecuador kilomita moja ya mraba kama mali binafsi, ndani ya mamlaka ya Peru. Ecuador inaweza kuwakumbuka wafu wake pale, bila kuwa na askari pale. Mkataba ulitiwa saini Brasília Oktoba 26, 1998, na Mei 1999 kazi ya nguzo ikamalizika.

Badme haikupata kilomita yake. Tume ya mpaka wa Ethiopia na Eritrea, iliyokuwa The Hague, ilitoa hukumu Aprili 13, 2002, na ramani zake hazikuonyesha kijiji kilipo. Serikali zote mbili zikashangilia. Ilipofafanuliwa kwamba kimeangukia Eritrea, Ethiopia ikagoma. Si kwamba wadhamini hawakuwepo: makubaliano ya Juni 2000 yaliutaja Umoja wa Mataifa pamoja na OAU, na kutishia hatua za Sura ya Saba ya Hati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya atakayekiuka. Hatua hizo hazikuchukuliwa dhidi ya Ethiopia, na mwaka 2008 askari wa kulinda amani wakaondoka. Waziri Mkuu Abiy wa Ethiopia alipoikubali hukumu mwaka 2018, vituo vya mpakani vilifunguliwa Septemba, vikafungwa tena ndani ya miezi michache.

Kweli, msitu wa Cóndor si kijiji chenye watu, na Ethiopia ilikuwa na maiti wengi zaidi wa kuwaeleza raia wake. Lakini hizo ni sababu za kumtafutia aliyeshindwa kitu cha kurudi nacho nyumbani, na mjini The Hague hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Swali la nani hubaki linatuhusu pia leo. Februari 8, 2025 wakuu wa EAC na SADC walikutana Dar es Salaam juu ya vita vya mashariki mwa Kongo, ambako Kinshasa inaishutumu Kigali kuwa inawasaidia waasi wa M23. Waliunganisha njia mbili za upatanishi, ya Nairobi na ya Luanda, kisha viongozi wastaafu wakateuliwa kuwa wawezeshaji. Juni mwaka huohuo sahihi za Kongo na Rwanda zikatiwa Washington. Wakuu wetu wakikaa tena mezani, waache kuongeza majina ya wastaafu. Waandike ni nchi zipi zitabaki, kwa fedha za nani, na hadi kazi gani iwe imekwisha.