Kifungu cha 15: Siku wafanyakazi walipomfungia meneja geti

Kwenye kipindi kilichopita tulibishana sana kuhusu mabosi. Yule anayefoka na yule anayekuita kwa jina lako, nani hasa anayefanya watu wachape kazi? Mimi sikusema mengi siku ile, maana nilikuwa na habari ndefu ambayo isingetosha kwenye kipindi. Leo naiandika.

Ilianza na malalamiko yangu mwenyewe. Kiangazi kimoja nilifanya kazi ya kufungasha vyakula kwenye kiwanda hapa Uingereza. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa saa mkononi. Ukienda chooni, anahesabu dakika. Ukikosea kidogo, anakusema mbele ya wenzako. Nikaenda kumlilia baba mkubwa, ambaye miaka ya sabini alikuwa kijana wa kiwandani, Dar es Salaam. Alinisikiliza, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, enzi zetu meneja wa namna hiyo alifungiwa geti. Anaambiwa nenda nyumbani, kazi tunaijua."

Nikadhani anatia chumvi, si mnawajua wazee wetu. Kumbe wala. Nilipoanza kusoma nikakuta ni historia kabisa, na ina jina lake: Mwongozo.

Lakini tuanze nyuma kidogo, kwa nyapara. Hili neno baadhi yenu mmelisikia nyumbani kama utani, pale mama anaposimama juu ya kichwa chako ukiosha vyombo. Nyapara alikuwa msimamizi wa vibarua wakati wa ukoloni, kwenye mashamba ya mkonge, barabarani, bandarini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu hawapumziki. Kibarua alikuwa na kadi inayoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mpaka siku zote zijae ndipo alipwe. Siku ambayo msimamizi hakuridhika na kazi yako ingeweza isihesabiwe, hata kama umetoka jasho tangu alfajiri.

Mfumo huu ulijengwa juu ya wazo moja: Mwafrika hafanyi kazi bila kusukumwa. Watu waliupinga. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa sehemu nyingine za Tanganyika. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na katibu wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo uhuru ulipofika mwaka 1961, wafanyakazi walikuwa na matumaini makubwa. Nyapara ataondoka, si ndiyo?

Aliondoka mtu. Kiti chake kilibaki.

Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, serikali iliivunja TFL na kuweka chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA, kilichokuwa chini ya mkono wa chama tawala, TANU. Kugoma kihalali kukawa karibu haiwezekani. Halafu mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki na viwanda vikubwa vikawekwa mikononi mwa umma, na nafasi za umeneja zikaanza kushikwa na Watanzania. Mitaani watu wakawapachika jina wakubwa wapya: manaizi, kutoka neno naizesheni, yaani wale waliopanda kwa sababu Waafrika walipewa nafasi za wazungu. Wapo waliofanya kazi nzuri sana. Lakini wapo pia waliorithi ofisi ya mzungu pamoja na ukali wake, gari lake na mlango wake uliofungwa.

Sasa angalia huo mkanganyiko. Asubuhi redioni unaambiwa kiwanda ni mali yako. Saa mbili ukifika kazini, meneja anakuita mjinga.

Serikali yenyewe ililiona tatizo. Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi washiriki kuzungumzia mipango na uzalishaji. Yalikuwa mabaraza ya kushauri tu, maamuzi yalibaki juu. Kisha Februari 1971, wiki chache tu baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, TANU ikatoa Mwongozo. Sehemu kubwa ya waraka huo inahusu ulinzi wa nchi na ukombozi wa Afrika. Lakini wafanyakazi walikishika kifungu kimoja, cha 15. Kwa ufupi, kinasema juhudi ifanywe ya kujenga usawa kati ya viongozi na wanaoongozwa, na kwamba kiongozi wa Tanzania amekatazwa majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu.

Waliokiandika huenda walidhani ni nasaha njema tu. Kiwandani kilisomwa kama sheria.

Kati ya 1971 na 1973 wimbi la migomo lilipita kwenye viwanda na mashirika, hasa Dar es Salaam. Na hapa ndipo penye jambo lililonishangaza: migomo mingi haikuwa ya kudai mishahara. Watu waligoma kwa sababu ya matusi, upendeleo, na mameneja wasioambilika. Walisimamisha mashine, wakaitana mkutano, wakanukuu Mwongozo, na mara nyingine wakamzuia meneja kuingia. Baba mkubwa hakutia chumvi hata punje.

Tukio maarufu zaidi ni la mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, kilichokuwa cha mtu binafsi. Wafanyakazi walimfungia mwenyewe nje, wakaendelea kuzalisha bila yeye. Serikali ikawakubalia. Lakini wenzao wa sehemu nyingine walipotaka kufuata nyayo hizo, upepo ulikuwa umeshageuka. Waliletewa polisi, na wengine wakapoteza kazi. Mabwana waliowapa wafanyakazi maneno ya kusema wakaogopa waliposema.

Sasa swali letu la kwenye kipindi: je, haya yote yanahusiana vipi na kiasi cha kazi kinachotoka?

Nilimuuliza baba mkubwa. Hakunipa nadharia. Alinisimulia kuhusu fundi mmoja wa mashine za kufumia. "Yule bwana alikuwa akisikiliza mashine kama daktari anavyosikiliza kifua. Ikianza kulia vibaya, anajua kesho itakatika. Siku moja akaenda kumwambia meneja. Meneja akamwambia, wewe umesoma wapi? Basi. Tangu siku hiyo fundi akisikia mashine inalia, anakaa kimya. Inakatika, tunakaa siku mbili bila kazi. Meneja anaandika kwenye ripoti: wafanyakazi wavivu."

Nadhani jibu liko hapo. Bosi wa dharau anaweza kupata mikono yako saa zote nane. Asichoweza kukipata ni kile unachokijua. Na kiwanda kinaendeshwa na vitu vidogo vidogo ambavyo anavijua mtu aliyesimama mbele ya mashine tu.

Kulikuwa na mtindo mwingine wa kulinganisha nao wakati uleule. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Angalieni masanduku ya mama na bibi zenu, huenda kuna khanga au kitenge kutoka pale. China ilikuwa imetangaza mwaka 1964 kwamba wataalamu wake wanaopelekwa nje wataishi kwa kiwango sawa na wataalamu wa nchi wenyeji, bila marupurupu maalumu. Kwa watu waliozoea mtaalamu wa kizungu mwenye jumba na watumishi, kumwona mtaalamu anakunja mikono ya shati na kushika spana kulikuwa kitu kipya. Sisemi Urafiki ilikuwa pepo. Ninachosema ni kwamba ukimfundisha mtu ukiwa umesimama naye kwenye mashine moja, ni rahisi zaidi yeye kukwambia mashine inalia.

Lakini nisiwadanganye kwa kuifanya hadithi hii tamu kupita kiasi. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio, Nyerere mwenyewe alilalamika kwamba nidhamu kazini imelegea, na kwamba mtu anayepokea mshahara bila kufanya kazi ya kutosha naye ananyonya wenzake. Alikuwa na hoja. Woga wa nyapara ulipoondolewa, kilichopaswa kuchukua nafasi yake hakikujengwa vizuri: mabaraza yalikosa nguvu, na chama cha wafanyakazi kilisikiliza zaidi juu kuliko chini.

Tena heshima peke yake haifumi nguo. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ukame ukaja, vita na Amin vikala fedha 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana. Kufikia miaka ya themanini viwanda vingi vya Tanzania vilikuwa vinazalisha chini ya nusu ya uwezo wao. Hata meneja mpole kuliko wote asingeweza kufuma bila umeme na spea. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema viwanda vilikufa kwa sababu wafanyakazi walipewa kichwa, mwulize habari za vipuri.

Narudi kwangu. Wiki ya tatu pale kiwandani niliona lebo za tarehe zinabandikwa upande. Kidogo tu, lakini niliona. Nilimtazama msimamizi na saa yake, nikakumbuka alivyonisema jana yake mbele ya watu. Nikanyamaza. Mchana mzigo mzima ukarudishwa, tukaubandika upya sote, na yule mama wa Kipolandi aliyekuwa karibu nami akachelewa kumchukua mwanawe shuleni.

Nilipomsimulia baba mkubwa, safari hii hakucheka. Alisema, "Meneja hakubandika lebo hata moja, mwanangu. Mliobandika ni nyinyi." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, "Sisi tulikuwa na kifungu cha 15. Nyinyi mna nini?"

Sikuwa na jibu. Kama wewe unalo, tuletee kwenye kipindi kijacho.