Anayekucheka Ndiye Anayekuzika: Utani wa Ruangwa na Nachingwea

Je, kichekesho lazima kiumize ndipo watu wacheke? Swali hili hurudi kila mchekeshaji anapopanda jukwaani na kumsema mtu kwa kabila lake, umbo lake au umaskini wake. Wengine husema kicheko bila ukali hakina ladha. Wengine husema ukali ni ukatili tu hata ukipigiwa makofi. Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, wazee walilimaliza swali hili kwa njia yao. Hawakudai kicheko kiwe kipole, maana utani wa kusini una maneno ambayo mgeni akiyasikia hudhani ugomvi umeanza. Walichofanya ni kumbebesha mwenye kucheka wajibu: anayekutania ana haki ya kukuaibisha mbele za watu, na siku ya msiba wako yeye ni miongoni mwa wa kwanza kushika jembe.

Vita vilivyozaa mzaha

Wenyeji wengi wa eneo hili ni Wamwera, wakiishi jirani na Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Karne ya 19 iliwatesa wote. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikashuka hadi Kilwa Kivinje na Lindi. Wangoni, waliojijenga Songea baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika, walivamia vijiji na kuteka watu. Mwaka 1882 waliishambulia Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa imewapa makazi watu waliokombolewa utumwani, wakaondoka na mateka. Kisha vikaja Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Wamwera walishika silaha, misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zikachomwa, na baada ya vita ikafuata njaa iliyoua wengi.

Watu waliopitia hayo walipaswa kuendelea kuishi jirani, kuoana na kununua chumvi kwenye soko moja. Utani ulikuwa mojawapo ya njia za kuliwezesha hilo. Mtafiti R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Usambara, aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1941 na tena 1944. Aliowauliza walimweleza mara nyingi kwamba chanzo chake ni vita: waliopigana ndio waliokuja kutaniana. Ndiyo maana Wangoni wakahesabiwa watani na makabila mengi waliyowahi kuyavamia.

Hebu tutazame utani huo kwa karibu. Mgeni anafika uani, hajabisha hodi vizuri, tayari anamwambia mwenye nyumba: "Mtumwa wangu, mbona maji ya kuoga hayajachemka?" Mwenye nyumba anamjibu kwamba babu yake mgeni huyo alikimbia vita akaacha hata nguo yake, na kwamba bado wanaitumia kupangusia vyungu. Watoto wanacheka, mkeka unatandikwa, chakula kinaletwa. Jambo lililokuwa jeraha, kutekwa na kukimbia, linatamkwa wazi na wajukuu wa pande zote mbili, na hakuna anayenyanyua mkono. Maneno ni makali kweli. Lakini kila upande una zamu yake ya kusema, na kila upande unajua kwamba mwingine hatakasirika, kwa sababu kukasirikia utani ni aibu.

Nyumbani: nani hutaniwa, nani hataniwi

Utani wa makabila ulijengwa juu ya utani wa ukoo, nao una mpangilio. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumlalamikia kwamba hajamletea kitenge. Mjukuu humwambia bibi kwamba ameshachakaa, anatafuta mke mwingine. Watoto wa shangazi na wa mjomba hutaniana bila kizuizi, na mashemeji vilevile. Mjomba mwenyewe hataniwi. Kwa Wamwera, kama kwa Wayao na Wamakua, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya wapwa zake. Mkwe naye hupewa heshima ya kukaa mbali. Si wa kuchezewa maneno.

Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alieleza uhusiano wa aina hii kuwa ni ruhusa ya kudhihaki upande mmoja na sharti la kutokasirika upande mwingine, urafiki na uhasama vikiwa pamoja. Alitofautisha utani wa pande mbili na ule ambao mmoja husema na mwingine huvumilia tu. Tofauti hiyo ina uzito kwetu. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1651, alidai kwamba tunacheka pale tunapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwingine. Angepita Ruangwa angeona kicheko cha namna nyingine: bibi hamzidi mjukuu, mjukuu hamzidi bibi, na wote wawili wanacheka.

Msibani

Mahali utani unapopimwa ni msibani. Watani huja mapema. Wengine huchimba kaburi, wengine huchota maji na kupika. Katikati ya kazi hiyo huanza vituko: mtani anavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake, anaiga jinsi alivyokuwa akikohoa kabla ya kuomba mkopo, anakalia udongo wa kaburi na kukataa kuondoka mpaka apewe hela. Mfiwa aliyekuwa analia anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Anatoa shilingi chache, kazi inaendelea.

Asiye mtani akithubutu kufanya hivyo atafukuzwa, na pengine atapigwa. Vitendo ni vilevile, maneno ni yaleyale; kinachotofautisha ni kwamba mtani ameshika jembe. Ameacha shamba lake kuja kuzika, na amekubali kwamba kwake nako mambo yatakuwa hivyohivyo. Mzaha wake haumwachi mfiwa peke yake na huzuni yake.

Kambini na mjini

Miaka ya 1940 ilileta watu wapya Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilifyekwa kwa matrekta na reli ikajengwa kutoka pwani. Mradi ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wafanyakazi wa miradi ya aina hiyo, kama wale wa mashamba ya mkonge na migodi, walikuwa mbali na ndugu zao. Kwa mtu wa namna hiyo, kukutana na kabila la watani wake ni kupata wa kumchekesha na wa kumzika. J. Clyde Mitchell, aliyechunguza ngoma ya Kalela katika migodi ya shaba ya Zambia ya leo, alionyesha mwaka 1956 jinsi nyimbo za kuyakejeli makabila mengine zilivyoendana na utani uliowaunganisha wafanyakazi. Miaka ya 1970, Stephen Lucas na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya taarifa za utani wa makabila mengi nchini, kazi ambayo hadi leo ni hazina.

Utani ukaingia pia katika burudani. Redioni, Pwagu na Pwaguzi walichekesha taifa zima kwa ujanja uliowarudia wenyewe. King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alijifanya mzee mroho anayenaswa na tamaa yake, na watu wakacheka bila mnyonge yeyote kudhalilishwa. Kwenye soka, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zinaitwa watani wa jadi. Hata Ruangwa, ambako Namungo FC iliingia Ligi Kuu mwaka 2019, mashabiki wa timu hizo mbili hukejeliana sokoni kutwa nzima na jioni wakanywa chai meza moja.

Lakini si kila kilichotoka kwenye utani kilibeba wajibu wake. Mchekeshaji wa mjini anayeiga lafudhi ya mtu wa kusini ili aonekane mshamba hana zamu ya kuchekwa naye, wala hatakuja Ruangwa kuzika. Amechukua ukali wa mtani, jembe ameliacha. Hapo ndipo kicheko kinapogeuka unyanyasaji, hata kama maneno yenyewe ni laini kuliko yale ya msibani.

Kwa hiyo jibu la Ruangwa na Nachingwea ni hili: ukali si sharti la kicheko, na wala upole peke yake haumlindi anayechekwa. Kinachomlinda ni haki ya kujibu na hakika kwamba anayemcheka hatamkimbia siku ya shida. Niger ilipeleka utani wake UNESCO, ukaorodheshwa mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu wote. Wetu nao unastahili kurekodiwa wilaya kwa wilaya wakati wazee wanaoujua wangali hai, na kufundishwa shuleni ukiwa mzima, haki zake pamoja na kazi zake. Mtoto atakayejifunza kwamba ruhusa ya kumcheka mwenzake hulipiwa kwa kumsaidia, atakua akijua kuchekesha watu bila kuwadhalilisha.