Profesa Ali Mazrui: hesabu za kazi zake tuzisomeje?

Juzi kijana wetu anayesoma chuo kikuu alinijia na swali. "Ami, mwalimu wetu asema msomi hupimwa kwa idadi ya waliomnukuu. Je, Profesa Mazrui alinukuliwa mara ngapi?" Siku hiyo nilimjibu nusu tu, maana mimi ni mtu wa stashahada, si wa uzamifu. Leo nalimalizia jibu hapa, kwani jambo hili lawahusu vijana wetu wengi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Ali Al-Amin Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Matokeo yake ya sekondari hayakutosha kumpeleka Makerere. Akafanya kazi katika taasisi ya elimu ya Waislamu mjini Mombasa, MIOME, hadi alipopata udhamini wa kwenda kusoma Uingereza. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na uzamifu Oxford mwaka 1966. Makerere iliyomkosesha nafasi ya uanafunzi ndiyo iliyokuja kumpa uprofesa. Baadaye alifundisha Michigan na Binghamton, Marekani.

Sasa kazi zake. Mwaka 1963, kabla ya uzamifu, makala zake zilikuwa tayari zimetoka katika majarida makubwa ya siasa na historia. Mwaka 1967 pekee alitoa vitabu vitatu, kimojawapo Towards a Pax Africana. Mwaka 1971 aliandika riwaya, The Trial of Christopher Okigbo. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith ya BBC. Mwaka 1986 ikaja The Africans: A Triple Heritage, filamu ya televisheni ya sehemu tisa pamoja na kitabu chake. Mwaka 1993 alihariri juzuu ya nane ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Mwaka 1995 na 1998 aliandika pamoja na Alamin Mazrui, mtaalamu wa lugha, vitabu kuhusu Kiswahili na lugha za Afrika. Siasa, historia, fasihi, lugha, Uislamu: zote alizigusa. Vitabu vyake vyapita 30.

Hesabu za kunukuliwa hufanywaje? Msomi akitaja kazi ya mwenzake katika makala yake, hilo huhesabiwa mara moja. Kuna na kipimo kiitwacho h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na kazi 20 ambazo kila moja imenukuliwa mara 20 au zaidi, h yako ni 20. Hirsch ni mwanafizikia, na kipimo chake alikitunga akiwafikiria wanasayansi wenzake.

Hapo ndipo penye tahadhari. Kwanza, fani hazilingani. Makala ya tiba yaweza kunukuliwa na wengi ndani ya mwaka mmoja. Kitabu cha historia husomwa polepole, kwa miaka mingi. Kumlinganisha daktari na mwanahistoria kwa namba moja ni kupima samaki na kitambaa kwa mizani moja.

Pili, mashine huchanganya majina. Ikiona "A. Mazrui" yaweza kumpa Ali kazi ya Alamin, au kumnyima yake.

Tatu, mengi hayahesabiwi. Aliyeitazama filamu ile sebuleni kwake akabadili mawazo kuhusu Afrika hakuandika tanbihi popote.

Na kuna la nne, ndilo linaloniuma zaidi. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia watu wa Mombasa kwa Kiswahili. Maandishi hayo yaliwatikisa watu hapa kwetu. Lakini hifadhi kubwa za kunukuu zilijengwa juu ya majarida, mengi yao ya Kiingereza. Kwa hesabu hizo, mtoto aonekana jabali na baba kama hakuandika kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kumjua msomi wa fani nyingi, tafuta kwanza orodha ya kazi zake iliyotungwa na mtu. Ya Mazrui ipo: Abdul Samed Bemath aliikusanya na kuieleza kazi baada ya kazi katika The Mazruiana Collection, mwaka 1998. Kisha tazama nani alimnukuu na kwa nini, kwani anayekupinga pia hukunukuu. Namba iwe ya mwisho.

Nasi tulio nyumbani tuna wajibu. Masheikh na walimu wetu wameandika kwa Kiswahili vijitabu vilivyolala makabatini, vikiliwa na mchwa. Tuviorodheshe: jina la mwandishi, mwaka, mahali kilipochapwa. Tuvipeleke maktaba. Kisichoorodheshwa hakinukuliwi.

Profesa alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa Mombasa kuzikwa makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Mola amrehemu, yeye na babake.